Delhi hadi Kathmandu na kundi: kabla hujalipa, hesabu masaa ya barabarani

Mleta uzi ana siku 16 za likizo mwezi Desemba na ameona tangazo la safari ya kundi ya siku 15: Delhi, Jaipur, Agra, Varanasi, kuvuka mpaka kwa basi, Lumbini, Chitwan, Pokhara, kumalizia Kathmandu. Anauliza kama kulipia kundi kuna faida au ajiendee mwenyewe, na Mwafrika anapokelewaje huko. Mimi na dada yangu tuliifanya njia hiyo hiyo, karibu kituo kwa kituo, mwisho wa Desemba 2023 kuingia Januari. Naomba mnivumilie, itakuwa ndefu.

Jibu la haraka: upande wa India lipia kundi. Upande wa Nepal ungeweza kwenda mwenyewe na usipungukiwe kitu. Sababu ziko chini.

India niliyoijua kabla ya hapo ni ile ya hospitali, kama Watanzania wengi. Nilimpeleka mama Chennai kwa matibabu, wiki sita, na nilichokiona ni korido, foleni ya dirisha la dawa na chumba cha kupanga kinachotazamana na geti la wagonjwa. Mama alipopata nafuu nikajiapiza nitarudi siku moja nikiwa sijabeba faili.

Kundi letu lilikuwa la watu 11: sisi wawili, Waingereza watano, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, na wasichana wawili wa Australia. India tulikuwa na kiongozi kijana wa Rajasthan, mpakani akatukabidhi kwa mwenzake wa Nepal. Tulilipa dola 1,850 kila mmoja, nje ya tiketi ya ndege, nje ya viza, na chakula cha mchana na jioni siku nyingi tulijitegemea. Halafu siku ya kwanza tukaombwa dola 40 kila mtu za mfuko wa bakshishi, jambo ambalo tangazo lililitaja kwa maandishi madogo ya kuchuchumalia. Uliza mapema.

Sasa hesabu yenyewe. Tangazo litakuorodheshea miji, masaa halisemi. Delhi hadi Jaipur masaa sita. Jaipur hadi Agra, ukipitia mji wa kale wa Fatehpur Sikri, siku imekwisha. Agra hadi Varanasi ni treni ya usiku. Varanasi hadi mpakani Sunauli masaa kumi, tuliondoka gizani. Lumbini hadi Chitwan matano, Chitwan hadi Pokhara sita. Pokhara hadi Kathmandu ni kilomita 200 tu, lakini barabara ilikuwa inapanuliwa na tulikula vumbi masaa tisa. Jumla yanapita arobaini, treni sijaihesabu. Kwa hiyo mwandikie mwenye kampuni akupe masaa ya kila siku. Akikujibu kwa picha za Taj Mahal, tafuta mwingine.

Kilichonifanya niseme India lipia kundi ni usiku mmoja kwenye kituo cha treni cha Tundla, kama kilomita 25 kutoka Agra. Desemba na Januari India ya kaskazini hufunikwa na ukungu, na treni zinatambaa. Yetu ilitakiwa ifike saa tatu usiku. Ilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Ukungu ule si kama wa Lushoto. Ulikuwa mzito, una harufu ya moshi wa makaa, na taa za jukwaani zilionekana kama viini vya mayai. Watu mamia wamelala chini wamejifunika gubigubi, huwezi kujua kichwa kiko upande gani. Kiongozi wetu alikuwa anafuatilia treni kwenye simu na kila saa anatuambia "masaa mawili tu". Wajerumani walichukia. Mimi nilimwonea huruma, maana alikuwa anakimbia huku na huko: katafuta nafasi kwenye chumba cha kusubiria, kaleta mablanketi sijui kayatoa wapi, kawapigia simu watu wa Varanasi wasogeze ratiba, kamtafutia dada yangu pembe safi ya kuswalia. Ningekuwa peke yangu usiku ule, na tangazo la kipaza sauti silielewi neno hata moja, ningekaa juu ya sanduku nikilia.

Jirani yetu kwenye benchi alikuwa mama mmoja na mabinti zake. Akafungua kopo, akatugawia puri na viazi, kisha kachupa kadogo. Akasema "achar". Dada yangu akashtuka: "Achari!" Mama yule naye akashtuka. Basi mchezo ukaanza. Sabuni, yeye sabun. Barafu, yeye baraf. Dunia, rangi, kitabu, kalamu, lakini, yote anayo, mengi kayakata tu mkia. Nikamwonyesha kadi yangu ya bima, akacheka mpaka mabinti wakaamka, kumbe na kwao ni bima. Tulikaa vile mpaka alfajiri, bila Kiingereza, tunaokota maneno mfukoni. Tulipokwama ni kwenye bajaji. Kule Bajaj ni jina la kampuni, chombo chenyewe wanaita "auto", kwa hiyo ukisema unataka kupanda bajaji wanakutazama kama mtu anayetaka kupanda kiwanda.

Sehemu iliyoniudhi ni maduka. Jaipur tulipelekwa kwenye "karakana" ya mazulia, kisha ya vito. Agra ikawa ya marumaru. Unaonyeshwa fundi mmoja anasugua jiwe dakika tano, unapewa chai, halafu mlango unafungwa nyuma yako na wauzaji sita wanakuzunguka. Mwongozaji wa mji ana asilimia yake pale, hilo halina siri. Jaipur tulipoteza masaa matatu namna hiyo, na kwa sababu hiyo Jantar Mantar, ule uwanja wa vipimo vya nyota vya karne ya 18, tuliuona kupitia dirisha la basi. Kundi likikataa kwa sauti moja siku ya kwanza, mchezo unaisha. Sisi tuliona haya, tukakataa siku ya tano.

Taj Mahal sina la kuongeza, nenda tu alfajiri. Ijumaa hufungwa kwa watalii, kwa hiyo kagua ratiba isije ikakuangusha Agra siku hiyo. Mgeni analipa rupia 1,100, na 200 nyingine akitaka kuingia kwenye kaburi lenyewe, wakati Mhindi analipa 50. Waingereza walinung'unika. Sisi wa nchi ya Serengeti, tunaojua bei ya mkazi na bei ya mgeni, tulinyamaza kimya.

Varanasi ni siku mbili na hazitoshi. Alfajiri unapanda mtumbwi kwenye Ganges, ngazi za mawe zinashuka majini kilomita na kilomita, watu wanaoga, dobi anapiga nguo juu ya jiwe. Manikarnika, wanapochoma maiti, moto hauzimwi usiku wala mchana. Usipige picha pale. Na akikujia mtu anakueleza habari za wazee maskini wasio na pesa ya kuni, anataka mchango, mpite kwa adabu. Zile kuni hazinunuliwi kwa pesa yako. Mmoja wa wasichana wa Australia alitoa rupia 2,000 kabla kiongozi hajamfikia.

Mpaka wa Sunauli ndio mtego mkubwa kwa anayekwenda peke yake. Wahindi na Wanepali wanavuka bila viza, kwa hiyo umati unapita tu chini ya lango kama watu wa sokoni, malori, baiskeli, mbuzi. Ofisi ya uhamiaji ya India imejificha kando ya barabara kati ya maduka, na hakuna atakayekushika mkono kukuambia uingie. Ukipitiliza bila muhuri wa kutoka, Nepal watakurudisha, au baya zaidi utakuja kuulizwa siku nyingine. Viza ya Nepal tulipata hapo hapo, dola 30 kwa siku 15, pasipoti ya Tanzania haikuleta maneno. Beba dola taslimu safi, isiyochanika. Na kabla ya kuvuka na noti kubwa za India, uliza kwanza: wakati ule Nepal ilikuwa hairuhusu zaidi ya noti ya 100. Kubadilisha ni rahisi, rupia moja ya India ni 1.6 za Nepal, haipandi haishuki.

Ukivuka tu unarudisha saa ya simu nyuma? Hapana, unaipeleka mbele dakika 15. India iko masaa mawili na nusu mbele yetu, Nepal mawili na dakika 45. Tulitoka India saa nane mchana, hatua ishirini baadaye ni saa nane na robo. Na risiti ya hoteli ya kwanza iliandikwa mwaka 2080, kwa kalenda yao. Dada yangu akaniambia, "Tumeshakufa zamani sisi."

Nepal mwendo ukatulia. Watu wanasema taratibu, honi zimepungua, na mtu ukimwambia hapana anaelewa. Lumbini, alikozaliwa Buddha, ni bustani kubwa yenye nguzo ya mfalme Ashoka. Nusu siku inatosha.

Chitwan, mbuga yao ya wanyama, nilikwenda kwa kiburi. Nimekulia nchi ya mbuga, utanionyesha nini? Walichonionyesha ni kutembea kwa miguu msituni kutafuta kifaru, na waongozaji wawili wenye fimbo za mianzi. Si bunduki. Fimbo. Kabla ya kuingia tukapewa mafunzo ya dakika mbili: kifaru akikujia, panda mti, mti hakuna, kimbia kwa kukata kona, kona huziwezi, mtupie begi. Dada yangu ana miaka 61. Akauliza, "Na magoti je?" Yule kaka akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mita thelathini mbele nyasi zilikuwa zinatikisika. Alikuwa jike na mtoto. Kifaru wa kule ana pembe moja, na ngozi imekunjwa kama mabati yaliyopigiwa misumari. Tulisimama tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea mpaka akaamua kwenda zake mtoni. Sikuwahi kuogopa hivyo ndani ya gari Ngorongoro. Kupanda tembo tulikataa wote, hali ya wale wanyama wakiwa wamefungwa minyororo haikutupendeza.

Pokhara ni pa kupumzika, ziwa na milima. Tulipanda kilima cha Sarangkot gizani kuona jua likichomoza. Mlima unaoonekana mkubwa kuliko yote pale, Machhapuchhre, una mita 6,993, elfu moja na ushee juu ya Kilimanjaro, na hauruhusiwi kupandwa kwa kuwa ni mtakatifu. Kathmandu tenga siku moja kwa Bhaktapur, mji wa kale wa jirani, peke yake, ukale mtindi wao kwenye vyungu vidogo chini ya hekalu la Nyatapola, la mwaka 1702, lililosimama hata tetemeko la Aprili 2015 lilipoangusha majirani zake. Pashupatinath asiye Mhindu haingii hekalu lenyewe, unatazama kutoka ng'ambo ya mto.

Kuhusu kutazamwa: utatazamwa. India watu watakuomba picha mpaka uchoke, familia nzima inajipanga, mtoto anawekwa mapajani kwako. Wengi ni kwa wema. Lakini mapokezi ya hoteli moja walizirudia pasipoti zetu mara tatu, za Waingereza wakazitupia jicho tu, na kiongozi ndiye aliyewasemesha tukapewa funguo. Ukiwa peke yako vita hiyo unapigana mwenyewe. Kwenye msikiti wa Jama Masjid wa Delhi kilemba cha dada yangu kilitufungulia milango, tuliamkiwa kwa salamu kila hatua. Chakula halali mitaa ile kimejaa. Kwingine tulikula mboga na dengu tu, na hatukujuta. Aliyekula kuku wa kando ya reli ndiye aliyeharisha.

Karatasi. Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima kwa sisi wa Afrika Mashariki, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kuingia India. Bila hiyo wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita, na kundi halitakusubiri. Viza ya mtandaoni ya India tulipata kwa siku nne. Wakati wetu ilikuwa inakuingiza kwa viwanja vya ndege na bandari walizozitaja, kutoka kwa barabara haina shida, ila kurudi India kwa barabara kutoka Nepal ilikuwa haikubali. Kwa hiyo usinunue tiketi ya kwenda na kurudi Delhi kabla hujaangalia orodha yao. Sisi tuliingia Delhi kupitia Addis Ababa na kuondokea Kathmandu kupitia Doha.

Na hiyo Desemba yako: kama bosi anaweza kukusogezea hadi Februari mwisho, sogeza, ukungu unakuwa umepungua. Kama hawezi, nenda, ila omba upewe kitanda cha juu kwenye treni, hakuna anayekukalia miguuni, na beba soksi nzito jozi tatu. Vyumba vya Chitwan vina feni dari nzima na havina kipasha joto hata kimoja. Tulilala na makoti.