Vigae pekee havilindi ukuta nyuma ya jiko la kuni

Umeuliza kama ukishabandika vigae kwenye ukuta wa mbao unaweza kusogeza jiko la chuma hadi sentimita 20 kutoka ukutani. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kigae hakiungui, ni kweli, ila kinapitisha joto, na nyuma yake mbao ni ileile.

Kazi yangu ni kufunga majiko haya, na kuta za namna hiyo nimezibomoa. Kwa mbele vigae vinang'aa, havina hata ufa. Ukivibandua unakuta mbao imekuwa kahawia iliyokolea, penginepo nyeusi tii. Ukiikwaruza kwa ukucha inamomonyoka. Hapajawahi kuwaka moto hapo. Ni joto tu, msimu baada ya msimu. Mbao iliyokwisha kaukiana hivyo hushika moto kwenye joto la chini kuliko mbao mpya, kwa hiyo "nimetumia miaka yote bila shida" si kinga.

Kinachookoa ukuta ni hewa. Funga ngao ya bati ikae sentimita 2.5 mbele ya ukuta. Vishikizo vya kuitenganisha viwe vya chuma au kauri, si vya mbao, na visikae moja kwa moja nyuma ya jiko. Acha wazi chini na juu, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Kuna wanaoziba kingo zote kwa saruji ili papendeze, na hapo ngao haina kazi tena. Ukipenda vigae, vibandike kwenye bodi ya saruji iliyoachiwa nafasi hiyohiyo. Jipsamu ya kawaida hapana, ina karatasi usoni.

Umbali wenyewe fuata kijitabu cha jiko. Kama jiko halina maelekezo yoyote, kanuni ya Marekani, NFPA 211, inataka sentimita 91 hadi kitu kinachoweza kuungua. Ngao ya bati yenye nafasi ya hewa inaweza kupunguza hadi kama sentimita 30, na hizo zinapimwa kutoka kwenye jiko hadi kwenye mbao yenyewe. Wengi wanapima hadi kwenye ngao. Usisahau bomba la moshi: lile la tabaka moja tu la bati nalo linataka sentimita 45 hadi kitu kinachoweza kuungua.

Sakafuni kuna mambo mawili, cheche na joto. Cheche vigae vinazimudu, mradi viungo vimejazwa vizuri na kinga itokeze sentimita 45 mbele ya mlango na 20 pembeni. Joto ni habari nyingine: jiko la miguu mifupi huipika mbao iliyo chini ya vigae, kwa hiyo soma kijitabu kinataka kinga ya cheche tu au na ya joto pia, kisha utandaze bodi zisizoungua kwa unene kilioutaja. Zulia likatwe liondoke kabisa, lisibaki chini ya bodi.