Maswali yenu kuhusu "Kibonge" wa Manatí

Wiki jana niligusia kwamba Iván Rodríguez, mzaliwa wa Manatí huko Puerto Rico, alidaka mechi 2,427, na hakuna mdakaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani aliyefikia idadi hiyo. Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nimeanza.

Shikamoo mwandishi. Mdakaji ni sawa na golikipa? (Tanga)

Marahaba. Wanafanana kidogo, ila golikipa hupumzika mpira ukiwa upande wa pili. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni na ngao kifuani, na kila mpira usiopigwa unamjia yeye. Enzi za Rodríguez ndiye pia aliyempa mrushaji ishara kwa vidole, chini kati ya mapaja, arushe mpira wa aina gani. Wenzake wote wanatazama kwake, yeye anawatazama wao. Magoti ndiyo hulipa gharama. Rodríguez alichuchumaa hivyo tangu 1991 hadi 2011.

Nimeona wameandika .296. Ndiyo nini? (Nakuru)

Ni wastani wa kupiga: katika kila majaribio 1,000 alifanikiwa mara 296. Anayefika 300 huitwa fundi, kwa hiyo hakuwa mbali. Alipiga homrani 311, yaani mipira iliyovuka ukuta, na vipigo halali 2,844. Alibakiza 156 kufika 3,000, idadi ambayo hakuna aliyejenga jina lake kwa udakaji aliyewahi kuifikia.

Mbona mkono wake unasifiwa kuliko gongo lake? Kuna takwimu au ni maneno ya mashabiki tu? (Mombasa)

Takwimu ipo, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Mkimbiaji aliye kwenye besi ya kwanza (besi ni vituo anavyovipita mkimbiaji mpaka apate pointi) humvizia mrushaji, akianza tu kurusha yeye anatimka kwenda ya pili. Huko ndiko kuiba besi. Sasa piga hesabu. Tangu mrushaji aanze kurusha, mpira huchukua kama sekunde 1.3 kumfikia mdakaji. Adake, autoe kwenye glavu, aurushe mita 38.8 hadi miguuni mwa mwenzake kwenye besi ya pili. Hayo yote yakimchukua zaidi ya sekunde 2, mara nyingi mwizi keshafika. Rodríguez wakati mwingine hakujisumbua hata kusimama, alirusha akiwa amepiga magoti.

Katika maisha yake yote ya uchezaji alinasa karibu wezi 46 kati ya kila 100, wakati wadakaji wengi wa enzi zake walikuwa kwenye 30 na kitu. Mwaka 2001 alinasa 35 kati ya 58. Hiyo 35 inasifiwa sana, lakini mimi naitazama 58. Ni kweli msimu ule hakuumaliza kwa sababu ya goti, lakini hata hivyo waliojaribu ni wachache mno. Waliobaki waliona heri watulie, na asiyekimbia haandikwi popote. Ndiyo maana nasema jedwali linampunja, pamoja na tuzo zake 13 za Gold Glove, za ulinzi bora uwanjani, ambazo hakuna mdakaji mwingine aliyezifikia.

Mwanangu anadaka kwenye timu ya shule. Baba yake anasema zamani wakimbiaji walikuwa wanawavamia wadakaji. Ni kweli? (Arlington, Texas)

Kweli kabisa, dada, na Rodríguez ana kisa chake. Ni tarehe 4 Oktoba 2003, Florida Marlins wanaongoza 7-6 dhidi ya San Francisco Giants, na Giants wakitolewa mtu mmoja tu zaidi, wanaaga mashindano. Mpira unapigwa upande wa kushoto. J.T. Snow wa Giants anatoka besi ya pili, anazunguka ya tatu, anakuja nyumbani, yaani kituo cha mwisho anachokilinda mdakaji, kusawazisha. Jeff Conine wa Marlins anaurusha kutoka mbali, Rodríguez anaudaka, na papo hapo Snow anamvaa mzimamzima. Wote chini. Kisha mkono unainuka na mpira umo ndani yake. Giants nje. Marlins waliendelea hadi wakawafunga New York Yankees na kubeba ubingwa.

Leo Snow asingeruhusiwa. Mwaka 2011 Buster Posey wa Giants alivunjika mguu kwa mgongano kama huo, na kufikia 2014 ligi ikaweka kanuni: mkimbiaji asiache njia yake kumfuata mdakaji, na mdakaji asizibe njia kama hana mpira. Mwanao yuko salama zaidi ya Kibonge.

Tuzo ya mchezaji bora 1999 alistahili? (Dodoma)

Alipiga .332, homrani 35, akaiba besi 25 yeye mwenyewe. Lakini ningekuwa na kura, ningempa mrushaji Pedro Martínez wa Boston. Pedro aliwekwa wa kwanza na wapiga kura 8, Rodríguez 7. Wawili hawakumtaja Pedro kabisa kwenye karatasi zao, akapitwa kwa pointi 252 kwa 239.

Kwa nini aliingia kwenye Jumba la Umaarufu kwa kura chache? (Nairobi)

Alipata 336 kati ya 442 mwaka 2017, asilimia 76, na mpaka ni 75. José Canseco, aliyecheza naye Texas Rangers, alidai kwamba yeye mwenyewe alimdunga Rodríguez dawa za kuongeza nguvu. Rodríguez alikana, na hakuwahi kufungiwa. Baadhi ya wapiga kura hawakuridhika.

Hilo jina Kibonge ni lako? (Zanzibar)

Tafsiri ni yangu, jina si langu. Walimwita Pudge kwa ufupi na unene wake. Ajabu ni kwamba Carlton Fisk, aliyeshikilia rekodi ya mechi 2,226 kabla yake, naye aliitwa Pudge.

Eti alioa siku ileile aliyocheza mara ya kwanza? (Dallas)

Ndiyo, 20 Juni 1991, akiwa na miaka 19. Alifunga ndoa, akapanda ndege kwenda Chicago, na jioni hiyo akanasa wezi wawili.