Nabii amesema huyu ndiye mume wako. Wewe umesemaje?

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, naishi Majengo, Moshi. Kwenye mkesha wa maombi mtumishi alinitolea unabii kwamba kaka mmoja wa kwaya ndiye mume wangu. Kaka mwenyewe anasema naye ameoneshwa. Nilitoa sadaka ya kufungua mlango wa ndoa, shilingi laki tatu, na sasa wanataka tufunge ndoa ndani ya mwezi huu. Kwao ni Rombo ila hajanipeleka, anasema ndugu zake si waombaji, watavuruga. Moyoni simpendi, nina hofu tu. Mtumishi anasema nikikataa nitakuwa nimeasi na mlango mwingine hautafunguka. Je, nikimkataa huyu kaka nimemkataa Mungu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, hujamkataa Mungu. Utakuwa umemkataa kaka wa kwaya, na hiyo ni haki yako.

Swali hili naletewa na mabinti wa Moshi, wa Arusha mjini, wa Usa River, wasomi wenye kazi zao, na kinachoniumiza ni kilekile kila mara: mmefundishwa kwamba unabii ukishatoka, kuuliza ni dhambi. Nani kawafundisha hivyo? Fungua Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu aliomba ishara kisimani, na kabla hajamaliza kuomba Rebeka akatokea na mtungi begani, akafanya kila kitu kama kilivyoombwa. Unabii gani wa mkesha umewahi kutimia waziwazi namna ile? Hata hivyo yule mzee alikataa chakula mpaka ajieleze kwanza: katumwa na nani, kijana ni wa ukoo gani, ana mali gani. Ndugu wakasema binti aitwe aulizwe mwenyewe. Wakamwuliza, utakwenda na mtu huyu? Akajibu, nitakwenda. Ishara ilikuwepo, utambulisho ukawepo, na ridhaa ya binti ikatafutwa. Wewe umepewa ishara peke yake, tena kwa kutishwa.

Paulo naye, akiandika juu ya mjane katika 1 Wakorintho 7:39, anasema yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Amtakaye. Wahubiri wengi wanarukia "katika Bwana" na kulipita neno hilo kama halipo. Na kwa Wathesalonike anasema msitweze unabii, kisha papo hapo anaagiza: jaribuni mambo yote. Anayekukataza kuupima unabii wake anakukataza jambo ambalo Maandiko yamekuamuru ulifanye.

Sasa Rombo. Hapa nina wasiwasi kuliko penginepo. Kutoka Moshi mtu anakwenda Rombo asubuhi na jioni amerudi. Desemba sisi wote wa Kilimanjaro tunapanda kwenda nyumbani, hata aliyeko Mwanza anafunga safari, na mchumba hupelekwa aonekane kwa wazazi. Kijana wa Kirombo anayetaka kuoa ndani ya mwezi mmoja huku akimficha mchumba kwa mama yake ana jambo. Sisemi ni lipi. Nimeona wanaume waliokwisha toa mahari na kuzaa watoto kijijini, na kwa kuwa ndoa ile haijabarikiwa kanisani, wanajiita vijana wasiooa. Daftari la usharika haliwezi kukuonyesha hilo, lakini majirani wa kihamba chao, yaani shamba la ukoo, wanalijua. Na ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanamume mwenye mke, hata wa ndoa ya kimila, kufunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine. Atakayebaki na pete isiyo na nguvu ni wewe.

Ndiyo sababu sheria hiyohiyo inataka kusudio la ndoa litolewe angalau siku 21 kabla, na Walutheri na Wakatoliki wanatangaza ibadani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mnafunga siku 21 kuomba mume, halafu siku 21 za tangazo mnaziona ni za kuwachelewesha! Habari za vipimo vya afya kabla ya ndoa sikuelezi, wewe ni muuguzi. Nasema tu mwende wote wawili, na majibu myasikie mkiwa pamoja.

Kuhusu laki tatu, nitasema wazi. Katika Matendo 8 Simoni yule mchawi alileta fedha ili apate karama, Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Mitume hawakuwa na bei ya kufungua mlango wa ndoa, na wewe usiongeze hata shilingi. Siku hizi kuna mafuta ya kuvuta mume, chumvi ya kuvunja agano la bibi, maombi ya kumfukuza mume wa kiroho yanayolipiwa kwa simu. Wanaolipa ni mabinti waliovuka miaka 28 na kuchoshwa na shangazi anayeuliza "lini?" kila msiba na kila send-off. Wazazi, hofu hiyo ninyi ndio mnaitengeneza nyumbani, na matapeli wanaikuta tayari.

Mwanangu, mwambie huyo kaka kwamba Jumamosi unakwenda kwao pamoja na shangazi yako au dada yako mkubwa. Mpeleke kwa mchungaji wa usharika wako, siyo huyo wa mkesha, muanze mafundisho ya ndoa kama wachumba wengine wote. Akikubali bila kisirani, bado hujalazimika kumpenda, umepata tu nafasi ya kumfahamu. Akianza kukutajia laana, achana naye siku hiyohiyo na namba ya mtumishi uifunge.

Nanyi mabinti wengine mnaosoma: mkiambiwa mumfiche mama, baba au mchungaji habari za mchumba kwa sababu "maono hayajakomaa", msisubiri yakomae. Mwambieni mama leo.