Jibu: Fyuzi iliyounguzwa kusomeka kuwa nzima

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini fyuzi uliyoiunguza ndani ya chipu (kiungo kidogo kinachounguzwa makusudi ili kuhifadhi biti moja, 0 au 1) husomeka kuwa nzima baadhi ya nyakati umeme unaporudi.

Fyuzi ya aina hii kwa kawaida haikatiki kama waya wa fyuzi ya nyumbani. Mkondo mkubwa huisogeza metali iliyo juu ya polisilikoni (tabaka la silikoni ndani ya chipu), na ukinzani ukapanda kutoka makumi au mamia ya omu hadi maelfu. Kwa hiyo saketi ya kusomea hupitisha mkondo mdogo kwenye fyuzi na kwenye kikinzani cha rejea, ambacho thamani yake iko baina ya hali hizo mbili, hulinganisha volteji zinazopatikana, kisha huhifadhi jibu kwenye lachi, yaani saketi ndogo inayoshikilia biti moja. Fyuzi iliyounguzwa nusunusu hukaribia rejea, na jibu lake huyumba joto au volteji inapobadilika.

Hata hivyo, mimi ningeshuku kwanza wakati wa kusoma. Chipu nyingi husoma fyuzi mara moja tu zinapowashwa, na umeme ukirudi kwa kusuasua, kama tuujuavyo hapa Pemba, usomaji hufanyika kabla volteji haijatulia. Izuie chipu kwenye hali ya riseti, yaani isianze kazi, mpaka volteji itulie. Tatizo likibaki, isome fyuzi kwa rejea yenye ukinzani wa juu zaidi, ikiwa chipu inaruhusu, ili fyuzi dhaifu ijidhihirishe. Usiongeze mkondo wa kusomea, kwani unaweza kuharibu fyuzi ambayo haijaunguzwa.

Ikiwa chipu yenyewe ni ATmega (aina ya kidhibiti kidogo), hizo ziitwazo fyuzi haziungui: ni seli za kumbukumbu zinazofutika, na biti inayosomeka 0 ndiyo iliyoprogramiwa.