Afunguliwe, lakini mkataba usichanwe

Swali lenu la wiki: mchezaji wa kulipwa aliyefungiwa kwa dawa za kulevya arudi uwanjani, au aage soka moja kwa moja? Mimi nasema arudi. Ila swali limemwangalia mtu mmoja tu, mwenye rungu la adhabu. Chama cha soka kinamfungulia mchezaji, basi. Anayemrudisha uwanjani ni mwajiri.

Kwanza tuache kuchanganya mambo. Redio zetu, mchezaji akikutwa na chochote kwenye mkojo, zinatangaza "dawa za kusisimua misuli". Aliyejidunga ili akimbie zaidi ya wenzake ni mwizi wa mechi. Aliyevuta kokeini kwenye sherehe siku ya mapumziko ana tatizo jingine kabisa. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wenyewe wamelitambua hilo: tangu Januari 2021 kokeini, heroini, ecstasy na bangi zimepewa fungu lake. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano, na si kwa ajili ya mchezo, kifungo ni miezi 3. Akimaliza matibabu yaliyokubaliwa, kinaweza kushuka hadi mwezi 1.

Kwa hiyo kifungo kimekuwa chepesi. Mkataba je?

Mkumbukeni Adrian Mutu, Mromania aliyetoka Parma kwenda Chelsea mwaka 2003. Mwaka 2004 alikutwa na kokeini. Chelsea wakamtimua Oktoba, FA (chama cha soka cha England) wakamfungia miezi 7 na kumtoza faini ya pauni 20,000. Mei 2005 alikuwa huru, yuko Juventus. Mngedhani yameisha. Chelsea walidai fidia ya fedha walizomnunulia, na mwaka 2008 FIFA ikaamuru alipe zaidi ya euro milioni 17. Mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaubariki uamuzi huo mwaka 2009. Akakimbilia hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nako akagonga mwamba mwaka 2018. Kifungo miezi 7, kesi miaka zaidi ya 13!

Sasa mtazameni Jake Livermore, kiungo wa Hull City. Aprili 2015, kokeini hiyohiyo, FA haohao. Klabu ilimsimamisha lakini haikumfukuza. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mwaka mmoja nyuma alifiwa na mtoto mchanga na msiba ule ulikuwa umemwelemea. Septemba FA wakaamua wasimfungie kabisa. Machi 2017, akiwa West Bromwich Albion, alianza kwenye kikosi cha England dhidi ya Ujerumani mjini Dortmund.

Najua mtasema Livermore alikuwa na msiba, Mutu alikuwa na starehe. Inawezekana. Na simtetei Mutu, maana mwaka 2010 akiwa Fiorentina alikutwa tena, safari hii na sibutramine (dawa ya kupunguza uzito), akafungiwa upya. Lakini msiba wa Livermore ulizingatiwa kwa sababu palikuwa na watu waliokaa naye wakamsikiliza. Aliyekwisha kupewa barua ya kufukuzwa anamsimulia nani?

Halafu kuna suala la jina. Maradona alifungiwa miezi 15 mwaka 1991, akarudi kupitia Sevilla. Akakutwa tena, safari hii na efedrini (dawa ya kusisimua mwili), Kombe la Dunia 1994, akafungiwa, akarudi Boca Juniors. Mlango ulifunguka kila mara kwa sababu ni Maradona. Beki wa akiba wa daraja la pili hapigiwi simu na mtu.

Mimi nafundisha timu ya mtaani, hatulipani hata nauli. Tulikuwa na kipa aliyeanza kubwia unga. Tukamwambia kwa hasira asikanyage mazoezini mpaka apone. Tulidhani tunamwadhibu, kumbe tulimpokonya saa mbili pekee za siku ambazo hakuwa kijiweni na mateja wenzake. Wakubwa nao hufanya hivyo: kanuni za WADA zinamruhusu mchezaji kurudi kufanya mazoezi na wenzake robo ya mwisho tu ya kifungo chake, au miezi 2 ya mwisho, kile kilicho kifupi.

Ninachotaka ni kanuni moja. Kosa la kwanza, mchezaji akikubali matibabu, klabu isiruhusiwe kuvunja mkataba. Ikate mshahara, imweke nje ya mechi, sawa. Akivunjika goti wanamlipia daktari na kumsubiri miezi tisa bila kunung'unika.

Na akirudia? Mke wangu ameniuliza hivyo nikiandika hapa. Mara ya pili klabu iwe huru kumwacha, ila isimdai bei iliyomnunulia. Fedha hizo ililipwa klabu aliyotoka.