Usiifungue yote: kufufua pikipiki ndogo ya zamani ukiwa nyumbani

Pikipiki nyingi za zamani haziuawi na kutu. Zinafia kwenye makopo. Mwenyewe kaipata, kafurahi, kaifungua yote mpaka fremu ikabaki tupu, nati zikaenda kopo moja, bolti kopo jingine, halafu hamu ikaisha katikati. Anayekuja kuichukua baada ya hapo hachukui pikipiki, anachukua fumbo.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja ninayoishikilia: sehemu moja kwa wakati mmoja. Fungua kabureta (inayochanganya petroli na hewa), safisha, funga, rudisha mahali pake. Kisha breki za mbele. Kisha za nyuma. Na chombo kiwake kabla hujafikiria rangi. Yangu ni Honda C70 ya umeme wa volti 6, na mengi nitakayosema yanatoka kwenye hiyo, lakini injini ndogo za zamani zinafanana tabia.

Kama bado hujachagua, angalia upatikanaji wa vipuri kuliko uzuri. Familia ya Honda Super Cub ilianza kutengenezwa mwaka 1958 na mwaka 2017 ikafikisha pikipiki milioni 100, ndiyo maana hata leo unapata oili sili, gasketi na kebo zake bila kuhangaika. Pikipiki ya nadra yenye sura ya kuvutia inaweza kukukalisha miezi ukitafuta kifuniko kimoja cha taa. Kabla hujatoa pesa, linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye karatasi zake. Chunguza pia chuma cha fremu kwa chini, hasa pale swingamu (mkono unaoshika gurudumu) ya nyuma inapofungwa. Fremu hizi ni za bati lililokunjwa, matope hukaa ndani, na kutu huila taratibu huku juu kukiwa kunang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa ya bati lililooza, achana nayo.

Injini iliyolala muda mrefu usiipige kiki kwa nguvu ili "kuona kama inazunguka". Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kwenye silinda, iache hata usiku kucha, kisha weka gia ya juu na usukume gurudumu la nyuma kwenda mbele polepole. Ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zilizoshikana kwa kutu kidogo huachia hivyo. Ukilazimisha kwa kiki unaweza kuvunja ringi au kung'oa meno ya gia ya kiki, na hapo kazi ya jioni moja imegeuka kuwa ya kupasua injini.

Kuhusu skrubu: za pikipiki za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na cha kawaida, lakini si kilekile. Nyingi zina kitone kidogo juu ya kichwa. Ni kipimo cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani), na bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai mpaka chini, hupanda juu na kukila kichwa. Nunua bisibisi ya JIS, na ile ya kugongwa kwa nyundo ambayo hujizungusha yenyewe kila unapoipiga. Sioni kifaa kingine kilichonipunguzia hasira kama hicho.

Tangi lenye kutu ndani linasafishika. Mimi hutumia asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, na nati chache za zamani zitikisike humo ndani kukwangua kutu. Zihesabu unapozitia na unapozitoa. Baada ya hapo suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, kausha haraka, na papo hapo zungusha oili kidogo ndani. Ukichelewa, chuma kilichobaki uchi kinashika kutu mpya ya rangi ya chungwa huku unakitazama. Weka na kichujio kidogo kwenye mpira wa petroli. Tangi lisiposafishwa kwanza, kazi yote ya kabureta ni ya bure.

Na kabureta ndiyo inayowatesa wengi. Petroli iliyokaukia ndani huacha gundi ya kahawia, na tundu linaloziba kwanza ni la jeti ya mwendo mdogo, yaani kile kijiskrubu chenye tundu kinachopitisha petroli injini ikiwa inanguruma polepole. Kwenye kabureta za Keihin namba iliyochongwa kwenye jeti ni kipenyo cha tundu: 35 maana yake milimita 0.35. Tundu la namna hiyo likipungua kidogo tu, pikipiki inawaka ukiwa umevuta choki (ya kupunguza hewa) na inazima ukiirudisha. Ukiona dalili hiyo, usianze kununua plagi na koili. Toa jeti, iinue kwenye mwanga wa dirisha, uone kama ni duara kamili. Usichokonoe kwa sindano. Jeti ni ya shaba nyeupe laini na sindano ni ya chuma, utalipanua tundu bila kujua. Vuta unyuzi mmoja kutoka ndani ya waya wa umeme, upitishe taratibu, halafu puliza kisafishio cha kabureta mpaka kitoke upande wa pili kama mstari ulionyooka. Vijitundu vya kwenye mwili wa kabureta navyo vinahitaji kupulizwa hivyohivyo. Ukinunua seti ya ukarabati, tumia gasketi na mipira yake, lakini jeti za zamani zilizo nzima usizitupe. Za kwenye seti za bei ya chini mara nyingi vipimo vyake si vya kuaminika.

Moto sasa. Pikipiki hizi zinatumia pointi, swichi ndogo inayofunguka ili cheche itoke kwenye plagi, na pointi zilizolala huota utando usiopitisha umeme. Pitisha msasa laini sana katikati, kisha karatasi safi yenye kisafishio, kwa sababu vumbi la msasa likibaki halitakupa cheche. Kwenye C70 pointi zikiwa wazi kabisa nafasi yake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na unaifikia kupitia dirisha la flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini. Kisha taiming, yaani wakati wa cheche kutoka. Flaiwili ina alama ya T na alama ya F. T ni pistoni juu kabisa, F ni pale cheche inapotakiwa kutoka, na pointi zinapaswa kuanza kufunguka F inapolingana na alama ya kwenye injini. Wengi hujaribu kupima kwa mita ya umeme na kuchanganyikiwa, maana koili ya flaiwili ina ukinzani mdogo mno na mita inalia pointi zikiwa zimefunga na zikiwa wazi. Mimi hubana kipande cha karatasi ya sigara katikati ya pointi, nakivuta kidogo tu kwa kidole huku nikizungusha flaiwili taratibu. Inapochomoka, hapo ndipo pointi zimefunguka. Hakuna betri wala kifaa cha kisasa, na usahihi wake unatosha.

Nafasi ya valvu (milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi), injini ikiwa baridi, ni milimita 0.05 kwa zote mbili. Ni kazi fupi.

Umeme wa volti 6 unasemwa vibaya kuliko unavyostahili. Taa hafifu mara nyingi ni tatizo la waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kupitia chuma cha fremu: mahali unapofungwa pana rangi au kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi kidogo. Na usiwashe taa bila betri au ukiwa na betri mbovu, kwani nyingi za pikipiki hizi hazina regyuleta (kifaa cha kudhibiti volti) na betri ndiyo inayoutuliza umeme. Ukizungusha injini kwa kasi bila hiyo, balbu zinaungua mfululizo.

Breki usizipulizie hewa. Viatu vya breki vya miaka hiyo vingi vina asbesto, na vumbi lake si la kuvuta puani. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kifunge kwenye mfuko, kitupe. Tairi nazo usizihukumu kwa kashata, yaani mikato ya juu yake. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2000 zina tarakimu tatu, na ukiziona hizo, toa tu, hata kama kashata imejaa.

Rangi naijua kuwa ndiyo inayowavutia wengi, lakini mimi sina haraka nayo. Rangi ya kiwandani iliyopauka, ikioshwa na kupigwa polishi, hurudisha sura ambayo rangi mpya ya kopo haiwezi kuiga. Na ukishaikwangua hairudi.

Siku ya kuiwasha, weka oili mpya ya injini na petroli mpya, iwe nje kwenye hewa. Ikishika moto, iache ipate joto, izime, na umwage oili hiyo ingali ya moto, kwa sababu uchafu wa miaka yote umeelea humo. Safisha wavu wa kuchujia oili kabla ya kutia nyingine. Kagua na ukaze nati za magurudumu, bolti za injini na spoki baada ya safari fupi ya kwanza, kisha tena baada ya kama kilomita 50. Zitakuwa zimelegea, hasa pale ulipoweka gasketi mpya.