Ukihamia Houston, mjue sherifu kabla hujamhitaji

Wageni wengi wanaofika Houston, wawe wametoka Goma, Kigoma au Mombasa, huniuliza kuhusu yale magari ya doria yenye neno "Sheriff" ubavuni: hawa nao ni polisi? Ni askari, ndiyo, lakini si polisi wa jiji. Kwetu tumezoea jeshi moja, IGP anateuliwa na rais na amri inashuka hadi kituo cha mtaani. Texas kila kaunti ina sherifu wake, anachaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne, na meya hawezi kumfukuza. Wa kwetu hapa kaunti ya Harris, lilipo jiji la Houston, ni Ed Gonzalez, aliyeingia ofisini Januari 2017. Kama umeshaapa uraia, kumrudisha au kumtoa ni kazi yako na wewe.

Jambo la kwanza, jua nyumba yako iko kwa nani. Barua zinaweza kuja zimeandikwa Houston au mji jirani wa Katy na bado ukawa unaishi nje ya mipaka ya mji wowote. Watu karibu milioni mbili wa kaunti hii wanaishi hivyo, na kwao anayepiga doria ni askari wa sherifu. Kwenye dharura usijali, piga 911, watakutafutia anayehusika. Shida huja kwenye mambo madogo: umeamka kioo cha gari kimevunjwa, bima inataka namba ya ripoti, unapanga foleni kwa polisi wa jiji na wanakwambia si eneo lao.

Halafu kuna makonstebo. Harris ina wanane, nao pia huchaguliwa kwa kura, kila mmoja na eneo lake. Hao ndio mara nyingi hugonga mlango na karatasi ya kesi mwenye nyumba anapotaka uhame. Ushauri wangu: fungua, pokea, usibishane naye. Yeye ni mleta barua tu, hakimu yuko mahakamani, na tarehe ya kwenda kumwona imeandikwa humo humo. Nenda siku hiyo hata kama huna hela. Hata ukishindwa, kabla ya vyombo kutolewa nje lazima onyo la maandishi libandikwe mlangoni angalau saa 24 mapema.

Kazi kubwa kuliko zote ya sherifu ni jela. Wengi waliomo bado hawajahukumiwa, wanasubiri kesi, sawa na rumande ya kwetu. Hata aliyekamatwa na polisi wa jiji hupelekwa kwenye kituo cha pamoja cha kuandikishia wafungwa, kilichofunguliwa mwaka 2019 mtaa wa San Jacinto. Kwa hiyo ndugu yako asipoonekana, usizunguke vituoni. Mtafute kwenye tovuti ya sherifu.

Hapo ndipo majina yetu yanapoleta balaa. Mama mmoja wa Uvira alinipigia usiku akilia, "Wamemuficha mutoto wangu!" Hawakumficha. Jina la ukoo lilikuwa limeandikwa mahali pa jina la kwanza, na herufi moja imeongezwa. Nilipogeuza majina na kuweka tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, ile ambayo nusu ya wakimbizi tunaowajua walipewa kwenye makaratasi, akatokea. Basi jaribu kila mpangilio, na ukimpata nakili namba yake ya SPN, yaani namba anayopewa kila mtu kwenye mfumo wa kaunti. Baada ya hapo tumia namba, achana na jina.

Ndani ya saa 48 anatakiwa kufikishwa mbele ya hakimu. Aombe mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza cha dukani anakimudu, na kama hana uwezo aombe wakili wa kupangiwa. Nyinyi wa nje msikimbilie wakala wa dhamana usiku ule ule. Ada anayotoza hairudi hata kesi ikifutwa, na kwa makosa madogo huenda hakimu akamwachia kwa kujidhamini mwenyewe.

Asiye raia awe makini zaidi, kwa sababu alama za vidole zikichukuliwa jela zinafika pia serikali kuu, hadi kwa watu wa uhamiaji. Asikubali kosa ili tu atoke mapema. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja kama kukiri kutamletea hatari ya kufukuzwa nchini, amuulize waziwazi. Mtanzania akikamatwa, ubalozi wake lazima ujulishwe, atake asitake. Mkenya au Mkongomani huulizwa kwanza, na kama aliikimbia serikali hiyo hiyo, ana haki ya kusema hapana.